SOMO: Kupima na kutibiwa magonjwa ya zinaa Uingereza bure, hata kama una visa ya matembezi

Naandika mara moja, nikiulizwa tena inbox nabandika hii hii. Naongelea England tu, Scotland na Wales wana taratibu zao.

1. Usianze kwa GP (daktari wa kawaida wa mtaani). Huhitaji GP wala namba ya NHS (huduma ya afya ya serikali).

2. Ingia tovuti ya NHS, andika sexual health clinic na postikodi ya unapoishi.

3. Piga simu kabla ya kwenda, kliniki nyingi hazipokei mtu aliyejiendea tu bila apointimenti.

4. Mapokezi watataka jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya kutumiwa majibu. Kama Kiingereza kinakusumbua omba mkalimani wa Kiswahili unapobuku, halipwi na wewe. Tafadhali usimbebe shemeji akakutafsirie mambo ya chumbani.

5. MUDA. Hapa ndo watu mnachemka, na mimi nilichemka, nikapima mapema nikatamba niko safi. Klamidia na gono subiri wiki 2 tangu tukio. VVU kwa kipimo cha damu cha maabara ni siku 45, kaswende inaweza kuchukua wiki 12, kwa hiyo ukipima siku ya nne majibu yanaongelea maisha yako ya zamani sio ya Jumamosi iliyopita. ILA usichanganye kupima na kinga: kama kondomu imepasuka na una wasiwasi wa VVU, dawa za PEP zinaanza ndani ya saa 72, na ndani ya 24 ndo nzuri zaidi, unameza siku 28. Wikiendi kliniki imefungwa? Nenda A&E (idara ya dharura ya hospitali), usisubiri Jumatatu!! Na usikojoe angalau saa moja kabla ya kutoa mkojo, utarudishwa benchi.

6. Malipo: kupima na kutibu magonjwa ya zinaa, VVU na uzazi wa mpango ni bure kwa kila mtu, mgeni au mwenyeji. Kutoa mimba na kujifungua HAVIMO, mgeni analipia, na bili yake sio ya mchezo.

MASWALI

Mdau: Mkuu mimi niko visiting visa, nitalipa sh ngapi?
Jibu: Soma kichwa cha habari.

Mdau: Si watanichoma Home Office (wizara ya uhamiaji)?
Jibu: Nani kasema? Wanaopelekwa huko ni wenye deni la hospitali kuanzia pauni 500 lisilolipwa, na huduma ya bure haina deni. Majibu yako hata GP hapewi bila ridhaa yako.

Mwanafunzi: Kaka samahani, tumelipa ile ada ya afya kwenye visa pauni 776 kwa mwaka, kwa nini asiyelipa naye apewe bure?
Jibu: Swali zuri mdogo wangu. Ugonjwa hauulizi visa. Mtu akiogopa bili anakaa nao na anaambukiza wengine. Zamani mgeni alitozwa matibabu ya VVU, wakafuta Oktoba 2012, maana anayemeza ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono, kumtibu ni kuwakinga wote. Na wewe pesa yako haijapotea, inakufungulia hospitali nzima.

Dada wa Leicester: P2 je?
Jibu: Kliniki hizo hizo bure. Kuna kidonge cha saa 72 na kingine mpaka 120, ila kitanzi kinashinda vyote, kinawekwa ndani ya siku 5. Uliza na kijiti kama unataka cha muda mrefu.

Mdau: Nimekojoa nikaenda wakanirudisha, kliniki ya hovyo
Jibu: Hatua ya 5 mstari wa mwisho.

Mama mmoja: Mwanangu, mdogo wangu anakuja kunitembelea na anatumia ARV, zikiisha?
Jibu: Shikamoo mama. Aje nazo za kutosha, aziweke begi la mkononi sio la chini, na barua ya kliniki yake yenye majina ya dawa. Zikikaribia kuisha apige simu kliniki ya huku Uingereza wiki kabla, asingoje kopo liwe tupu.

Mama: Marahaba. Kwenye uhamiaji hawatamuuliza?
Jibu: VVU sio kizuizi cha kuingia Uingereza mama, aje tu.