Jinsi ya kufungua mfuko wa udhamini kwa mtoto mwenye ulemavu: kwa wazazi walioko Marekani

Mtu mwenye ulemavu anayepokea SSI, posho ya serikali kuu kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, haruhusiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Pesa iliyoko benki inahesabiwa. Bibi akimwachia mjukuu wake dola 10,000 kwenye wosia, kwa nia njema kabisa, anaweza kumkosesha posho hiyo, na mara nyingi matibabu ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, pia. Ndiyo maana pesa huwekwa kwenye mfuko unaosimamiwa na mdhamini, yaani mtu au taasisi inayotunza pesa hizo kwa faida ya mtoto, si kwa jina la mtoto.

Kwanza jiulizeni pesa ni ya nani. Ikiwa ni yenu au ya ndugu, mtoto akifariki kinachobaki kinakwenda kwa mliowataja kwenye hati. Ikiwa ni ya mtoto mwenyewe, tuseme fidia ya ajali, mfuko lazima ufunguliwe kabla hajatimiza miaka 65, na akifariki serikali ya jimbo hulipwa kwanza gharama za Medicaid. Pesa hizi mbili msizichanganye hata kidogo, la sivyo na yenu itaingia kwenye deni hilo.

Kisha mchague mdhamini, na hapa naomba msiharakishe. Familia nyingi humtaja kaka mkubwa kwa sababu anampenda mdogo wake. Upendo pekee hautoshi: mdhamini anatunza hesabu na risiti, anajaza fomu za kodi kila mwaka, na lazima awe na moyo wa kusema hapana, hata kwa ndugu. Mnaweza kuajiri benki au kampuni ya udhamini, au kumweka ndugu pamoja nayo. Pesa ikiwa kidogo, yapo mashirika yasiyo ya faida yanayoendesha mfuko wa pamoja wa familia nyingi. Vyovyote vile, mtajeni na wa kushika nafasi yake.

Hati iandikwe na wakili anayeifanya kazi hii katika jimbo lenu. Kabla ya kusaini, hakikisheni inasema wazi kwamba mdhamini ana hiari kamili ya kutoa au kutotoa, na kwamba mtoto hawezi kudai alipwe. Saini mbele ya notari, ombeni namba ya kodi ya mfuko (EIN) kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni bure, halafu fungueni akaunti ya benki kwa jina la mfuko.

Mkishaifungua, badilisheni wosia na bima ya maisha: anayerithi aandikwe mfuko, si mtoto. Wapigieni simu babu, bibi, shangazi na wajomba wafanye hivyo hivyo.

Katika matumizi, mtoto asipewe taslimu, maana SSI itapunguzwa. Mdhamini amlipe muuzaji moja kwa moja: kiti cha magurudumu, daktari wa meno, kompyuta. Chakula hakipunguzi tena SSI tangu 30 Septemba 2024, ila kodi ya nyumba bado inapunguza.

Pamoja na hati, andikeni barua ya maelekezo. Haina nguvu ya kisheria, lakini atakayemlea baada yenu ataihitaji kila siku: dawa na saa zake, sauti zinazomtisha, anavyoonyesha kuwa tumbo linamuuma ikiwa hasemi. Mpeni mdhamini nakala, na muisahihishe kila dawa inapobadilishwa.