Kabla hujakubali kumalizana: fidia kwa aliyeumia ajalini Tanzania

Mara nyingi majeruhi angali wodini, mwenye gari anafika na bahasha na karatasi. Bahasha ina hela ya dawa; karatasi inasema pande mbili zimesameheana na hakuna atakayemdai mwenzake. Bili ya hospitali imewabana ndugu, wanasaini. Naomba kila familia ishike hili: hela ya matibabu pokeeni, andikishianeni kwamba ni ya matibabu tu, lakini msisaini kufuta madai kabla daktari hajasema mguu utarudi vipi. Mfupa wa paja huchukua miezi kuunga, na ulemavu haupimwi mpaka jeraha litulie. Mtu anayesaini wiki ya pili anauza kitu asichojua thamani yake.

Aliye mahututi atibiwe kwanza, huku ndugu mmoja akienda kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Fomu hiyo ndiyo inayounganisha jeraha lako na ajali ile, kwa hiyo daktari akishaijaza, toeni nakala kabla haijarudi polisi. Angalieni jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi ikipishana mtazungushwa sana. Ulizeni pia namba ya jalada na askari anayepeleleza, kwa sababu mbele ya safari mtatakiwa kuwa na ripoti ya polisi, ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari.

Namba ya chombo ipigwe picha mapema, hata ile ya bodaboda inayoanza na MC. Kwa namba hiyo unaweza kuangalia mtandaoni, kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama kulikuwa na bima siku ya ajali na ni ya kampuni gani. Wengi hukata tamaa wakisikia gari lina bima ndogo tu, yaani ile inayowalinda watu wengine na si gari lenyewe. Bima ndogo ndiyo hasa iliyowekwa kwa ajili yako: mwenda kwa miguu aliyegongwa, abiria wa daladala aliyelipa nauli. Sheria inailazimisha kwa vyombo vya moto barabarani. Na dereva akiwa kazini, uzembe wake unamgusa pia mwenye gari, hivyo usimng'ang'anie dereva peke yake.

Kesi ya trafiki isikupumbaze. Faini anayotozwa dereva inaingia serikalini, haifiki mfukoni kwako. Hata hivyo ifuatilie hadi mwisho na uombe nakala ya hukumu, maana dereva akitiwa hatiani, madai yako yanapata mguu wa kusimamia.

Halafu risiti. Mahakama za Tanzania hutenganisha hasara uliyoigharamia na fidia ya maumivu na ulemavu. Hii ya pili hakimu huipima mwenyewe. Ile ya kwanza lazima uitaje shilingi kwa shilingi na kuithibitisha. Dawa, magongo, picha za eksirei, bajaji ya kwenda kliniki: kila kitu kiwe na karatasi, na pasipo risiti mwandikishe aliyepokea hela. Mama lishe au fundi asiye na hati ya mshahara atunze daftari la mauzo au miamala ya simu inayoonyesha alikuwa akiingiza kiasi gani.

Muda wa kufungua shauri la uzembe ni miaka 3, na mazungumzo na kampuni ya bima hayausimamishi. Gari likiwa la serikali, notisi ya siku 90 hutangulia. Aliyeumia akiwa kazini, awe kondakta au dereva wa ofisi, ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF: mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mchango wa mfuko huo ni wa mwajiri, hakuna anayepaswa kukukata mshahara kwa ajili yake. Kama majeruhi amefariki, familia ianze na kumpata msimamizi wa mirathi mahakamani.

Barua ya madai kwa kampuni ya bima ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kampuni ikikaa kimya au ikitoa kiasi kisichoeleweka, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha nakala hiyo yenye muhuri.