Namna ya Kuchagua Maua ya Zawadi kwa Kuzingatia Asili na Maana Yake

Kabla ya kuulizia bei kwa muuza maua, amua kwanza maua yanakwenda kwa nani, kwa shughuli gani, na mpokeaji amelelewa katika mila zipi. Rangi ifuate baadaye, kwa kuwa ua linaloleta furaha katika nyumba moja huweza kukumbusha kaburi katika nyumba nyingine.

Ukiwa na shaka, chukua waridi. Wagiriki wa kale walilihusisha na Aphrodite, mungu wao wa mapenzi, na maana hiyo haijalitoka waridi jekundu hadi leo; kwa hiyo mwalimu au mgonjwa mpelekee la pinki. Umbo tunalolizoea lilipatikana baada ya mawaridi ya China, yanayochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, kufika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na kuzalishwa pamoja na yale ya huko. Aina iitwayo La France, ya mwaka 1867, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa, ambayo sasa hulimwa kwa wingi Naivasha. Bonyeza tumba taratibu kwa vidole viwili, karibu na kikonyo: likiwa gumu, bado ni bichi, lichukue; likibonyea, liache.

Krisanthemu ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa. Limelimwa China kwa zaidi ya miaka 2,000, na nchini Japani ua lenye petali 16 ndilo nembo ya ukoo wa kifalme. Hata hivyo, Wafaransa hulipeleka makaburini kila tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote, na Waitaliano nao hulihusisha na wafu, hivyo usimpelekee mwenyeji wako wa huko aliyekualika chakula cha jioni. Hata kwa Wajapani, lile jeupe ni la msibani.

Kwa mama, karnesheni lina historia yake. Mwaka 1908, Anna Jarvis, mwanzilishi wa Siku ya Mama nchini Marekani, alipeleka karnesheni nyeupe katika ibada ya kumkumbuka mama yake mjini Grafton, West Virginia, na baadaye Wamarekani wakazoea kuvaa jeupe kwa mama aliyefariki na jekundu au la pinki kwa aliye hai. Mreno atakumbuka jambo jingine kabisa: tarehe 25 Aprili 1974, karnesheni nyekundu zilichomekwa kwenye midomo ya bunduki za wanajeshi waliouangusha udikteta. Ukifika nalo nyumbani, usiliweke karibu na ndizi mbivu, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka humo hulinyausha upesi.

Yungiyungi jeupe, ambalo wachoraji wa Kikristo walilichora katika picha za malaika akimpasha habari Bikira Maria, linafaa ubatizo na harusi ya kanisani. Ua linapoanza kufunguka, ng'oa vichwa vya chavua kabla havijapasuka, maana doa lake kwenye shela ya bibi harusi halitoki kwa urahisi. Nyumba yenye paka isipelekewe kabisa; ua hili ni sumu kali kwao.

Mwisho, hesabu mashina kabla shada halijafungwa, hasa kama mpokeaji ni Mrusi: idadi witiri ni ya walio hai, na shufwa ni ya mazishi.