Kisu kilichokata nundu ndo kinasambaza ugonjwa

Jamani wenye waridi, plamu, mapichisi na matufaha, hili jambo tunalirudia kila msimu na bado hatusikii. Mtu anakuta uvimbe kwenye shina pale karibu na udongo, anatoa kisu anaukata, anaona kamaliza, halafu na kisu kilekile anahamia mti wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Hapo hujatibu kitu, umeugawa ugonjwa kwa mkono wako.

Hiyo nundu inaletwa na bakteria wa udongoni anayeitwa Agrobacterium tumefaciens. Huyu hawezi kutoboa ganda, anasubiri kidonda. Mti ukijeruhiwa unatoa kemikali, anazifuata, anajigandisha kwenye seli kwa nyuzinyuzi anazozitengeneza mwenyewe, kisha anaingiza kipande cha DNA yake ndani. Kuanzia hapo seli zinazalisha homoni za kukua ovyo pamoja na chakula chake yeye bakteria. Na zikishabadilika hivyo zinaendelea kuvimba hata bakteria wote wakifa, ndo maana kupulizia kopa (dawa ya shaba) juu ya nundu ni kumwaga hela.

Sasa vifaa. Kwanza osha kisu au mkasi kwa maji na sabuni mpaka udongo na utomvu utoke wote, maana jiki haifanyi kazi kwenye uchafu. Jiki ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, kikombe kilekile, sio unakadiria kwa macho! Zamisha dakika nzima kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Ukiona unachelewa kuwa na mikasi miwili, mmoja unakata mwingine unaloweka. Dawa changanya asubuhi ileile ya kazi, ikichafuka mwaga, mchana changanya nyingine, ile ya jana usinitajie kabisa. Jioni suuza vifaa na upake mafuta, jiki inaleta kutu. Ukiwa na spiriti ya asilimia 70 inafaa pia. Mnaobebesha miche (kuunganisha kikonyo kwenye shina la mche mwingine) ndo mzingatie zaidi, kila mche kwenu una kidonda.

Jembe nalo ni kisu, linajeruhi mti. Palilia kwa mkono pale shinani.

Mti mchanga wenye nundu shinani ng'oa na mizizi yote uchome, usitupe kwenye mboji wala mferejini. Mkubwa unaozaa bado unaweza kuuacha, ila upogoe wa mwisho kabisa.

Shimo hilo usirudishie waridi wala tunda la jamii hiyo, bakteria anakaa udongoni miaka. Weka mahindi au majani ya ng'ombe angalau miaka 2, hayo kwa kawaida hayashikwi na ugonjwa huu, bakteria anapenda mimea ya majani mapana. Zabibu ina bakteria wake, ndugu wa huyu, anatembea ndani ya mzabibu, kwa hiyo kipandikizi kinaweza kuonekana kisafi kumbe kimebeba, chukua kwenye shamba lisilo na nundu hata moja.

Miche mipya isiyovimba mpaka msimu unaofuata ni dalili nzuri, ila endelea kuikagua, nundu inaweza kuchelewa kutokea.

Na ukinunua miche kung'uta udongo uangalie shingo ya mzizi hapohapo kabla hujalipa, nundu changa ni nyeupe na laini, baadae inakuwa kahawia, ngumu, yenye nyufa. Ukiikuta kwenye mche mmoja, acha miche yote ya kitalu hicho, hata kama inaonekana mizima.