Kiporo cha pasta kwa mwenza mwenye masharti yake

Kiporo kibaya cha pasta huwa kimeharibiwa tangu jana yake. Ukichanganya pasta yote na mchuzi ukaiacha ilale hivyo, kesho utakuta mchuzi umenywewa, pasta imevimba na ukiigusa na uma inakatika. Hapo hakuna njia ya kuirudisha. Mwenza anayejua anachotaka hapikiwi kiporo cha bahati. Fungu la kesho hutengwa likiwa bado jikoni.

Hatua ya 1: Vipimo. Gramu 100 za pasta kavu humtosha mtu mzima, na ikiiva hufika kama gramu 220 hadi 250. Maji ni lita 1 kwa kila gramu 100. Chumvi laini, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila lita, itie kabla ya pasta. Ukiitia baada ya kuchuja inabaki juu juu. Mafuta usitie kwenye maji, yataelea tu kisha uyamwage. Kinachozuia pasta kushikana ni kuikoroga dakika mbili za mwanzo.

Hatua ya 2: Toa fungu la kesho mapema. Hapa ndipo pa kuwa makini. Dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, opoa kipande kimoja ukikate katikati. Utaona kinukta cheupe ndani, chembamba kama ncha ya sindano. Kinukta hicho kikiwa bado kinaonekana, opoa fungu la kiporo kwa kijiko chenye matundu; la leo liache liendelee. Kikishapotea, pasta hiyo ni ya kuliwa sasa hivi. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha maji ya pasta. Yana wanga, na ndiyo yanayoufanya mchuzi uishike.

Hatua ya 3: Ipoze na uihifadhi. Itandaze kwenye sinia, isilundikane, maana lundo linajiivisha kwa joto lake lenyewe. Ipake kijiko cha chai kimoja cha mafuta kwa kila gramu 250 zilizoiva. Ikipoa, ifunike na uiweke friji kabla ya saa 2 kupita tangu uiopoe, kwenye nyuzijoto 4 au chini. Mchuzi uwe na chombo chake. Kula ndani ya siku 3. Pasta iliyolala mezani tupa hata kama hainuki: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu anayoacha kwenye vyakula vya wanga haiondoki kwa kupasha moto.

Hatua ya 4: Pasha kwa kumfuata mlaji. Wanga ukipoa hukaza, ndiyo maana pasta ya friji ni ngumu. Kinachoulegeza ni moto pamoja na maji. Moto mtupu unaikausha tu.

Anayetaka pasta yenye ukakamavu: ichovye kwenye maji yanayochemka sekunde 30 hadi 45, ichuje, iingize kwenye mchuzi ambao tayari umechemka, geuza mara mbili tatu, pakua. Anayetaka laini iliyokolea: mchuzi, pasta na vijiko 4 vya maji kwenye kikaango, funika, moto mdogo, dakika 5.

Kwa asiyependa mchuzi mwingi, kaanga. Hapa kiporo kinaishinda hata pasta iliyoiva sasa hivi, kwa kuwa friji imeshaikausha. Kikaango kipate moto kwanza, kijiko kimoja cha mafuta, tandaza pasta, kisha usiiguse dakika 3. Wengi hukosa ukoko kwa sababu mwiko hautulii.

Maikrowevu iwe ya mwisho: nyunyiza vijiko 2 vya maji, funika, nguvu ya nusu, dakika moja moja huku ukigeuza hadi katikati iwe moto kabisa.

Maswali ya wanachama

Mchuzi wa krimu nikiupasha unakatika, mafuta yanaelea. Nakosea wapi?
Moto mkubwa. Pasha mchuzi peke yake kwa moto mdogo na vijiko 2 vya maziwa, usiache uchemke, ndipo utie pasta. Jibini itie ukishaepua, la sivyo inakuwa mabonge.

Mimi nimeshachanganya kila kitu na kimelala friji. Nifanyeje?
Usikirudishe kwenye maji. Kiweke kwenye bakuli la oveni, ongeza vijiko 4 vya maji au mchuzi mwepesi, funika kwa foili, nyuzijoto 180 kwa dakika 20. Funua, nyunyiza jibini, dakika 5 nyingine. Ulaini utabaki, ila ukoko wa juu unausitiri.

Mume wangu hali vitunguu, mimi siwezi mchuzi bila vitunguu.
Kama tatizo ni kuviona au kuvitafuna, vikaange hadi vilegee kabisa, usage pamoja na nyanya. Kama ni ladha yenyewe, usimfiche, ataijua tu. Pika mchuzi bila vitunguu, vyako vikaange pembeni na uviongeze kwenye sahani yako.

Mke wangu anasema kiporo kimepooza hata nikiongeza chumvi.
Acha chumvi, jaribu uchachu: matone machache ya ndimu baada ya kuepua, au kijiko cha nyanya ya kopo ukaange nusu dakika kabla ya kutia mchuzi.

Inafaa kuweka friza?
Inafaa, hasa pasta fupi fupi, spageti hukatikakatika. Gandisha mafungu ya mlo mmoja mmoja. Usiyeyushe kwanza, itose moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, dakika 1 hadi 2.

Ikibaki tena baada ya kupashwa?
Pasha ile itakayoliwa tu, nyingine iache friji. Iliyokwisha kupashwa mara moja ikibaki, isirudi.