Kupima anuwai ya spishi kwenye msitu wa mikoko

Siku ichague kwanza. Nenda wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu maji hupwa mbali na mlilana (aina mojawapo ya miti ya msitu huu) wa ukingoni unafikika kwa miguu. Ingia maji yakiwa bado yanakupwa, pima ukishuka kuelekea baharini, na yakianza kujaa uwe umekwisha kugeuka.

Beba futi kamba ya mita 50, kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10 (ukiizungusha unapata ploti, yaani kipande cha kupimia, ya mita 10 kwa 10), dira, chaki na penseli. Wino huyeyuka.

Mstari wa kupangia ploti uvuke msitu kutoka nchi kavu hadi baharini. Hapa ndipo wengi huharibu: hupima sambamba na ufuo, wakaishia ndani ya ukanda mmoja wa mikandaa na kuandika kwamba msitu ni maskini. Kwa kawaida mlilana hukaa upande wa bahari, mkoko (hapa ni jina la spishi moja, si la msitu mzima) na msinzi katikati, mkandaa nyuma yao, na mchu hutokea kingo zote mbili. Weka ploti kila mita 50. Ukanda ukiwa mwembamba, punguza hadi 20. Ukubwa wa ploti usibadilike, maana eneo kubwa huleta spishi nyingi lenyewe tu.

Hesabu kila mti wenye kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi kwenye kimo cha mita 1.3. Mkoko wenye mizizi ya juu upime sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Shina lililogawanyika chini ya kimo hicho ni mti mmoja. Ukilihesabu mara tatu, spishi hiyo itaonekana imetawala. Mti uliohesabiwa utie chaki.

Sasa hesabu ya Shannon, kipimo cha anuwai. Gawa idadi ya kila spishi kwa jumla ya miti, zidisha jibu kwa ln (logi asilia) yake, jumlisha yote, kisha ondoa alama ya kutoa. Mikoko 20, mikandaa 10 na michu 10 hutoa 1.04. Ikiwa 36, 2 na 2, unapata 0.39, ingawa spishi ni tatu zile zile. Ukibonyeza eˣ kwenye kikokotoo, ya kwanza ni sawa na spishi 2.8 zilizolingana, ya pili 1.5. Lugha hii kamati ya kijiji huielewa upesi zaidi.

Usikomee kwenye wastani wa ploti. Ploti ya mlilana mtupu ni 0, ya mkandaa mtupu ni 0, na wastani wake 0. Lakini zikiwa na miti sawa, ukizichanganya unapata 0.69: anuwai yote ilikuwa kati ya ploti. Kwa hiyo andika namba mbili, wastani wa ploti na ya mstari mzima.

Mwisho, chora idadi ya spishi ikiongezeka kadiri ploti zinavyoongezeka. Mchoro ukiwa bado unapanda, rudi bamvua lijalo.