Venye utapanga timu ya rilei ya 4x4 ya wanaume (watu wanne, kila mmoja mita 400) na kijiti kifike salama

Kila msimu wa riadha ya mashule ukianza lazima mtu aniulize, mwalimu mimi niko na vijana wanne wa 400 wakali sana, mbona kwa rilei tunachapwa na watu wenye mmoja mmoja hawatuwezi? Mimi humuuliza tu, wiki iliyopita mmepokezana kijiti mara ngapi mkiwa mmechoka? Ananyamaza. Basi shida ni hapo, kwa zile mita 20 za kubadilishana, na hii yote nitaandika inarudi hapo tu.

Mimi nafunza vijana hapa Kisumu, uwanja wetu ni nyasi na ng'ombe wa majirani, uwanja mkubwa wa Mamboleo tunaingia siku ya mashindano tu. Kwa hivyo usingoje traki ya raba ndio uanze.

Anza na kijiti. Usifanye na tawi la mti. Sheria inasema kiwe cha mviringo, laini, cha kipande kimoja, wazi ndani, urefu sentimita 28 hadi 30, unene kama sentimita 4, na kisipungue gramu 50. Nenda hadiwea uombe kipande cha paipu ya plastiki ya maji, pima na rula ya shule, kata, sugua mdomo na msasa usimkate mtu mkono. Imeisha.

Sasa watu. Usichukue tu wanne wa kwanza wa 400 ukawapanga kwa spidi. Kwa timu ya Kenya iliyochukua dhahabu ya 4x4 Olimpiki ya Munich 1972, yaani Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, huyo Ouko alikuwa mtu wa 800, na kwa Olimpiki hiyo hiyo alifika fainali ya 800. Walimaliza na dakika 2:59.8. Na watatu wa kwanza ni watu wa Kisii hapo juu tu, kwa hivyo mtu asikudanganye ati huku kwetu hakuna spidi. Tafuta mtu wa 800 mwenye moyo, tafuta hata winga wa timu ya mpira, huyo amezoea kusukumwa na kukimbia na watu kando yake.

Mimi napanga hivi. Wa kwanza awe mtu anajua kutoka kwa blok za kuanzia na hachanganyikiwi akiwa peke yake kwa leni, sababu anazunguka mita zote 400 bila kuona nani yuko mbele kwa ukweli. Wa pili awe mbishi, mwenye hatishiki, maana yeye ndio anaingia kwa vurugu. Wa tatu mara nyingi tunaficha mtu mdhaifu hapo, na mimi sikubaliani na hiyo kabisa, ukimficha hapo yule wako wa mwisho anapokea kijiti wenzake wameshaenda na unaanza kumlaumu bure. Wa mwisho si lazima awe mwenye spidi kuliko wote, awe mwenye kichwa tulivu.

Hiyo ya kichwa rudi tena Munich. Mjerumani wa mwisho, Karl Honz, alipokea kijiti akiwa mbele akatoka kama amefukuzwa na nyuki, Sang akamfuata pole pole nyuma, hakupapatika. Kufika ile mita mia ya mwisho Honz miguu ikamkataa, Sang akapita, Waingereza wakapita, Wafaransa wakapita, Ujerumani Magharibi ikamaliza ya nne nyumbani kwao. Vijana wangu nawaambia hiyo hadithi hadi wamechoka nayo, lakini mtu akipokea kijiti na mashabiki wanapiga kelele bado atataka kumaliza mbio kwa mita 150 za kwanza.

Kuchora uwanja. Hapa ndio watu huharibu. 4x4 haitumii alama za kuanzia za 400 ya kawaida, sababu huku watu wanakaa kwa leni kona tatu, siyo mbili. Leni ya pili kwa 400 inatangulia kama mita 7, kwa 4x4 inatangulia kama mita 10 na nusu. Ukichora na za 400 wa nje wameonewa na hawatajua ni nini imewaua. Chora na chokaa ama oili chafu, halafu pale kona ya kwanza inaisha weka koni au bendera mbili, hiyo ndio alama ya kuachana na leni. Mkimbiaji wa pili asiingie ndani kabla hajafika hapo, na akifika asikate kama matatu inaona abiria, alenge tu kona inayofuata na aingie kwa mshazari, ndio njia fupi.

Zoni, yaani sehemu ya kupokezana, ni mita 20, kumi kabla ya mstari wa katikati na kumi baada. Anayepokea lazima aanzie ndani ya hizo 20, na kijiti kibadilishwe ndani yake. Wanaangalia kijiti kiko wapi, siyo miguu yako.

Sasa kupokezana kwenyewe, kaa hapa kidogo.

Kwa 4x1, ile ya mita 100 kila mtu, unatoka mbio bila kuangalia nyuma, mkono unangoja. Kwa 4x4 ukifanya hivyo umekwisha. Najua sababu nilifanya. Nilikuwa wa tatu, kijana mdogo, nikaona mwenzangu anatoka kona nikachomoka na macho mbele kama nimeona mashindano ya 4x1 kwa televisheni, kumbe yeye mita thelathini za mwisho alikuwa anakimbia kwa maji. Nikageuka niko nje ya mstari tayari, kijiti kiko kwake, bendera imeinuliwa. Tulirudi nyumbani kwa gari moja na hakuna mtu aliongea na mimi hadi Ahero.

Kwa hivyo anayepokea ndio ako na kazi ya kusoma. Msome mwenzako kuanzia mita 50. Kama mabega yako chini na mikono inapiga, anakuja na spidi, toka mapema na nguvu. Kama kichwa kimelala nyuma, mabega yamepanda hadi masikioni na mdomo uko wazi upande mmoja, huyo amekufa, ngoja akaribie kabisa, kimbia hatua tatu nne tu halafu geuka umchukulie. Simama ukiangalia ndani ya uwanja, nyoosha mkono wa kushoto juu usawa wa bega, kiganja wazi, macho kwa kijiti siyo kwa uso wake. Yeye anakuja na kijiti mkono wa kulia, amekisimamisha wima. Wewe ndio unachukua, usingoje upewe, mtu amechoka hawezi kulenga. Ukishika hamisha mkono wa kulia hatua chache mbele, ukienda. Na yeye aliyeleta asiachilie hadi asikie umevuta.

Kikianguka? Anayekiokota ni aliyekiangusha. Anaweza kutoka kwa leni yake kukifuata, bora asizuie mtu na asifupishe njia. Watu wengi wakiona kimeanguka wanasimama wanashika kichwa. Okota, kimbia.

Kwa wa tatu na wa nne, refa anawapanga kwa laini kulingana na venye wenzenu wanapita mita 200 upande ule mwingine. Wa kwanza hapo anakaa ndani, wa pili anafuata, hivyo hivyo. Ukishapangwa usibadilishe nafasi hata kama mwenzako amepitwa baadaye. Hapa ndio mambo huchafuka hata kwa wakubwa. Tokyo 2025, mashindano ya dunia, timu yetu ya Kenya na Marekani walizuiliwa kwenye kupokezana kwa mchujo, wakarudishiwa mbio siku iliyofuata timu mbili tu uwanja mzima. Marekani wakashinda wakaenda fainali, sisi tukafunga mabegi. Na fainali yenyewe ikakimbiwa kwa mvua, Botswana wakachukua kwa 2:57.76, mtu wao wa mwisho, Kebinatshipi, akimpita Mmarekani mita za mwisho kabisa. Mvua ikinyesha pia nyinyi mtakimbia, na glavu haziruhusiwi wala kupaka kitu mkono ndio kijiti kishike, kwa hivyo futa mkono na taulo kavu kabla ya kuingia kwa laini.

Mazoezi. Mara mbili kwa wiki inatosha. Siku ya kwanza pasheni kijiti mkitembea, halafu mkikimbia taratibu, raundi kumi. Siku ya pili ndio ya maana, anayeleta akimbie mita 300 kwa nguvu kabisa ndio afike kwa zoni akiwa amekwisha kweli, na anayepokea amsome. Wengi hufanya hii zoezi watu wakiwa freshi, wanapasiana vizuri kama maharusi, siku ya mashindano inakuwa mambo mengine.

Hesabu ya muda pia fanya mapema. Jumlisha 400 za wote wanne, halafu toa kama sekunde mbili, sababu watatu wanaanza wakiwa tayari wanakimbia. Vijana wa 50 wote wanne wanafaa kukupa 3:18 hivi. Wakileta 3:22, zile sekunde nne zimepotelea kwa zoni, usiende kuwaongezea mbio za milima.

Na ukishatoa kijiti kaa kwa leni yako hadi wote wapite, usianguke katikati ya njia, nimeona timu ikitolewa hivyo na walikuwa wameshinda.

Mwisho wa siku hesabu vijiti. Chetu kilipotea wiki mbili, tukakipata jikoni, mpishi anasukuma nacho chapati, na kusema ukweli zilikuwa zinatoka mviringo safi.